Nilicheza mchezo wa ninja kabla ya kuuhukumu



Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuzungumzia ndoa, malezi, mirathi na haki za jirani. Wiki hii nitazungumzia mchezo wa kompyuta, tena kwa urefu, uzuri wake na kero zake. Nafanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nimeucheza mwenyewe kwa jioni kumi na moja. Ya pili ni kwamba kabla sijaucheza nilikuwa nimekwisha kuandika tangazo la kuuharamisha.

Mambo yalianza kwa simu ya dada yangu. Aliamka saa nane usiku kunywa maji, akaona mwanga hafifu ndani ya chandarua cha mwanawe. Alipofunua, alimkuta kijana amejifunika shuka gubigubi, kompyuta mpakato iko mapajani, anacheza. Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika mwezi mmoja, na mara zote tatu kijana aliikosa swala ya Alfajiri. Dada alifikia kusema ataivunja kompyuta hiyo, ingawa aliinunua yeye mwenyewe, mtumba, kwa fedha za kikoba, ili mwanawe aisomee. "Wewe ndiye msomi wa chuo, tena ndiye mjomba wake," aliniambia. "Njoo umwambie ni haramu, yaishe."

Siku hizohizo wazee wawili walileta lalamiko kwenye kamati ya msikiti wetu kwamba vijana wanachelewa Isha kwa ajili ya magemu. Kamati ikaniagiza, kwa kuwa mimi ndiye katibu, niandae tangazo la kusomwa baada ya swala ya Ijumaa. Nililiandika kwa dakika kumi. Lilisema kwamba michezo yote ya kompyuta ni upuuzi na mafunzo ya uuaji, na kwamba mzazi anayemcha Mungu aiondoe nyumbani kwake. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikaenda kwa dada.

Mpwa wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, macho yakiwa chini. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Mjomba, wewe umewahi kuucheza?"

Sikuwa nimewahi. Nikakumbuka kanuni tuliyofundishwa chuoni mwaka wa kwanza, kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kilivyo. Nilikuwa nimeifanyia mtihani na kuifaulu, lakini karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu ilikuwa imeipuuza. Nilimwambia dada anipe muda. Kompyuta ikahamishiwa sebuleni, na kila siku baada ya Isha mimi na kijana tukawa tunaketi mbele yake kwa saa moja, mama yake akipita na kurudi na kutuguna.

Mchezo wenyewe

Unaitwa Mark of the Ninja. Umetengenezwa na Klei Entertainment, kampuni ya jijini Vancouver, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 2005. Ilipoutengeneza mchezo huu ilikuwa kampuni ya namna inayoitwa huru. Haikuwa jitu lenye maelfu ya waajiriwa, bali kundi dogo la watu wanaobuni kazi yao wenyewe. Mwaka 2010 kundi hilo lilitoa mchezo mwingine uitwao Shank, wa kukimbia mbele na kumwaga damu. Miaka miwili baadaye likageuka, likatengeneza mchezo wa kunyemelea. Mark of the Ninja ulitoka mwaka 2012, kwanza kwenye mashine ya Xbox 360, kisha kwenye kompyuta. Mwaka 2018 ulitolewa upya kwa picha safi zaidi, na huo ndio aliokuwa nao mpwa wangu.

Kisa chake ni hiki. Ninja asiyetajwa jina ni mtu wa ukoo wa Hisomu, ambao makazi yake yamevamiwa na kampuni ya askari wa kukodiwa. Amechorwa mwilini kwa wino wa ajabu. Wino huo unamwongezea nguvu na wepesi, lakini hatimaye humtia wazimu. Kwa sababu hiyo ukoo umeweka sharti: aliyechorwa akishamaliza kazi yake, ajiue kabla wazimu haujamtawala. Anaongozwa na mwalimu wake, mzee Azai, na anaandamana na binti aitwaye Ora.

Msomaji wangu amekwisha kuona mambo matatu ambayo dini yetu ina neno juu yake: kuchora mwili, ambako Mtume (S.A.W.) amekukemea vikali, kisha kisasi, na kujiua. Sikuyafumbia macho, na nitayarejea. Lakini insafu inanitaka nianze na yaliyo mazuri, kwa kuwa yapo.

Uzuri wake

Skrini inamwonesha ninja kwa ubavu, kama kikaragosi cha katuni, akipanda kuta, akining'inia darini, akipenya katika njia za hewa. Dunia yake yote imegawanyika mara mbili, penye mwanga na penye giza. Akiwa gizani hubaki mweusi mwenye mistari michache myekundu. Akiingia kwenye mwanga hupata rangi zake zote, na mlinzi aliye karibu humwona. Ninja huyu hana kifua cha chuma kama mashujaa wa filamu. Risasi chache zinamtosha. Anayeutaka mchezo huu kwa pupa atakufa kila baada ya nusu dakika, kama nilivyokufa mimi jioni ya kwanza yote, mpwa wangu akijizuia kucheka.

Kilichonivutia zaidi ni uadilifu wake. Sauti inaonekana kwa macho. Ukikimbia, duara hutanuka kutoka miguuni pako, na mlinzi aliyemo ndani ya duara hilo amekusikia. Ukitembea polepole hakuna duara. Macho ya mlinzi nayo yana mpaka unaoonekana. Usichoweza kukiona kwa nafasi uliyopo hufifia, na ukitaka kujua kilicho nyuma ya mlango huna budi kuusogelea na kuchungulia. Unapolenga kitu ili ukitupe, muda husimama ukapata kufikiri. Kwa hiyo ukikamatwa, huna wa kumlaumu. Katika michezo ya watoto na hata katika mambo ya wakubwa, ni nadra kukuta sheria zilizowekwa wazi namna hii.

Kwa sababu hiyohiyo unafundisha subira. Nilimwona mpwa wangu amejibanza ndani ya njia ya hewa kwa dakika nzima, haguswi na jambo, akihesabu mwendo wa mlinzi na mbwa wake. Huyu ndiye kijana ambaye mama yake hulalamika kwamba hatulii rakaa mbili za sunna. Uwezo wa kutulia, kumbe, anao. Swali lililonibakia ni kwa nini sisi hatujajua kuuamsha.

Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba unamheshimu asiyeua. Kila hatua inapokwisha hufunguliwa hesabu: walinzi uliowapita bila kukuona, mara ulizozusha king'ora, na kama umemaliza bila kumuua mtu. Aliyejizuia hupewa alama nyingi. Kuna hata vazi la mwenye kushika njia ya ukimya, na anayelivaa haruhusiwi kubeba upanga. Badala yake miguu yake haitoi sauti hata akikimbia. Mpwa wangu alikuwa analivaa hilo. "Mjomba, kuua ni rahisi," alinieleza. "Raha ni kupita mlemle ndani wasijue kama palipita mtu."

Niongeze jambo dogo litakalowafaa wale wenye msimamo juu ya muziki. Tulizima sauti kabisa tangu jioni ya kwanza, na kwa kuwa mchezo wenyewe unaichora sauti kwa maduara, hatukupungukiwa kitu cha kutuzuia kuendelea.

Kero zake

Kero ya kwanza ni ya vidole. Kitufe kimoja kimepewa kazi nyingi. Mara kadhaa nilitaka kujificha nyuma ya kitu, ninja akainama kubeba maiti iliyokuwa karibu, au nilitaka kufungua mlango akajibanza ukutani. Katika mchezo ambao kosa la nafasi moja linakurudisha nyuma, hilo linaudhi. Lakini ni kero ya kuzoeleka, na mwenye vidole vya miaka 16 aliniambia kwamba tatizo ni umri wangu.

Kero ya pili ni nzito zaidi. Katika mchezo wa asili, mlinzi ana hali mbili tu, ama umpite ama umuue. Huwezi kumfunga kamba, huwezi kumzimisha kwa muda, huwezi kumwambia aende zake. Mwaka 2013 watengenezaji waliongeza kipande cha pembeni kinachomhusu Dosan, yule mchoraji wa ukoo, na humo ndimo walimruhusu mchezaji amwangushe mlinzi bila kumtoa roho. Yaani walijua kwamba inawezekana. Katika kisa kikuu hawakufanya hivyo.

Tena utazame mzunguko wa malipo yake. Heshima unayoipata kwa kumaliza vizuri ndiyo sarafu ya kununulia zana na mbinu. Zipo zana za kughilibu, kama bomu la moshi na fataki za kuwavuta walinzi pembeni. Lakini nyingi katika mbinu zinazouzwa ni za kuua kutokea juu, kutokea chini, kutokea nyuma ya mlango. Basi kijana aliyejizuia asimwage damu anapewa zawadi, na duka la kuitumia zawadi hiyo limejaa visu. Isitoshe, upo utaratibu wa kuwatia walinzi hofu: unamtundika maiti mwenzao, nao wakimwona huchanganyikiwa mpaka wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Hilo nalo lina alama zake. Niliufunga mchezo kwa jioni hiyo nilipolishuhudia.

Kero ya tatu ndiyo iliyomkera hata mpwa wangu. Wapo watu ambao kisa hakisongi mbele mpaka wafe kwa mkono wako. Hata ukipita hatua zote umevaa vazi la asiye na upanga, ukifika kwa mkubwa wa maadui mchezo unakuamrisha umuue, na hauna mlango mwingine. Kijana aliweka padi chini akasema, "Hapa hakuna njia, mjomba. Nimetafuta sana." Nilimtazama usoni. Alikuwa anasema kweli, alikuwa ametafuta.

Ndugu msomaji, tusidharau jambo hili. Suratul Maida, aya ya 32, imeifanya roho moja iuliwayo bila haki kuwa kama roho za watu wote. Mlinzi wa mchezoni si mtu, ni rangi juu ya kioo, na mimi sisemi kwamba kumgusa ni dhambi ya kuua. Nasema kwamba kijana mwenye maumbile salama alihisi kwamba kuna njia ya tatu inayopaswa kuwapo. Watengenezaji waliijenga hisia hiyo kwa ustadi hatua baada ya hatua, kisha wakaisaliti mahali ilipohitajiwa zaidi.

Mwisho wa mchezo

Jioni ya tisa nilimwuliza swali nililopaswa kumwuliza jioni ya kwanza: mchezo huu umeupataje? Akasema rafiki yake alimnakilia kwenye flashi. Nikamweleza kwamba kazi ya mtu ni jasho lake, na kwamba aliye Vancouver ana haki juu yetu kama aliye jirani. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi na mjomba umeshiriki." Sikuwa na jibu, nikaomba maghfira. Tukakubaliana tuufikishe mwisho wake, kisha uondolewe.

Jioni ya kumi na moja tukafika mwisho. Sina budi kuufichua, kwa kuwa mzazi anayesoma hapa ana haki ya kuujua.  Inabainika kwamba Ora, yule binti wa kila hatua, hakuwahi kuwapo. Ni matunda ya wazimu wa ninja. Hapo mchezo unakusimamisha na upanga mkononi na kukutaka uchague, ama umuue mwalimu wako ama ujiue. Hakuna chaguo jingine.

Mpwa wangu hakugusa kitufe. Akaniuliza, bila kunitazama, "Mjomba, mtu aliyepotewa na akili akajiua, hukumu yake ni ipi?"

Nilimwuliza amekuwa na swali hilo tangu lini. Akasema tangu mwezi uliopita. Usiku wa kwanza aliofumaniwa ndio usiku aliofika hapo. Hakuchagua, alizima kompyuta. Baadaye akaurudia mchezo toka mwanzo, akidhani kwamba akicheza bila kuua kabisa mwisho utabadilika. Haukubadilika. Akarudia tena. Zile mara tatu ambazo sisi tulizihesabu kuwa ni utukutu, kijana alikuwa amesimama peke yake ndani ya chandarua mbele ya swali hilohilo.

"Kwa nini hukumwuliza mama?"

"Ningemwambia nimelipata wapi?"

Nikamwuliza waziwazi kama yeye mwenyewe amewahi kufikiria kujidhuru. Akasema hapana, ila mwenzake mmoja wa shule amewahi kusema maneno ya namna hiyo, naye hakujua amjibu nini. Habari ya kijana yule nimeifikisha kwa wazazi wake siku iliyofuata, na zaidi ya hapo haifai kuandikwa gazetini.

Nilimjibu kwa kadiri ya elimu yangu ndogo. Nilimwambia kwamba uhai ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuiharibu, na Suratun Nisaa, aya ya 29, imetukataza kujiua. Nilimwambia pia kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate fahamu, kwa hiyo aliyeondokewa na akili jambo lake liko kwa Mola wake, wala sisi hatumhukumu. Kisha nikamwambia alitazame jambo jingine. Katika mchezo mzima kila mtu anajua kwamba huyu ninja anaugua. Wote wanampa upanga. Hakuna hata mmoja aliyempeleka kwa tabibu, wala aliyekaa naye usiku. Wajibu wetu kwa mtu anayetoka katika akili yake au anayekata tamaa ni kumkalia karibu, kumpeleka hospitali, kuwaita watu wake na kumwondolea upanga.

Kijana akavuta pumzi ndefu. "Basi tusichague," akasema. Akauzima, akaufuta mwenyewe.

Nani anamwona mtoto gizani

Nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi yangu bado mfukoni. Naomba nikiri jambo. Nilipokuwa chuoni tulikatazwa kutoka bwenini baada ya Isha. Mimi na wenzangu watatu tulikuwa tunaujua mzunguko wa mlinzi wa usiku barabara: anapita nyuma ya jiko, anakwenda getini, anakaa kibarazani anamimina chai. Ilipoanza chai ndipo tuliporuka ukuta kwenda kutazama mpira. Hatukukamatwa hata siku moja. Na asubuhi yake tulikaa safu ya mbele katika somo la Tauhidi, tukajibu vizuri kabisa swali kuhusu sifa ya Mwenyezi Mungu ya kuona.

Tulikuwa tumefundishwa kumjua Mola na tumezoeshwa kumwogopa mlinzi. Mlinzi alipokunywa chai, tulikuwa huru. Ninachohofia ni kwamba majumbani mwetu tunaendelea kulea hivyohivyo. Mtoto anajifunza nyayo za baba koridoni, saa ya mama kulala, kishindo cha mlango wa nje. Anajua penye mwanga na penye giza. Yule mpwa wangu alikuwa ninja kabla hajaucheza mchezo wowote, na mafunzo aliyapata kwetu.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 108, Mwenyezi Mungu anawataja watu wanaowaficha watu mambo yao ilhali hawawezi kumficha Yeye, naye yuko nao usiku wanapopanga. Luqman, alipomuusia mwanawe, alimwambia habari ya kitu kilicho na uzito wa chembe ya hardali, ndani ya jabali au mbinguni au ardhini, kwamba Mwenyezi Mungu atakileta. Tuangalie jinsi alivyosema. Alimwita mwanangu, kwa upole, na hakumtishia kwa macho yake mwenyewe. Alimkabidhi kwa Mwenye kuona asiyelala. Hiyo ndiyo ihsani tuliyofundishwa katika hadithi ya Jibril: kumwabudu Mola kana kwamba unamwona, kwani ikiwa wewe humwoni, Yeye anakuona.

Hata ule mchezo, pamoja na makosa yake, unaweka hesabu ya yaliyofanywa gizani na kuifungua mwishoni. Hasha, silinganishi mchezo na mambo ya Akhera. Lakini nilipomkumbusha mpwa wangu juu ya waandishi watukufu waliotajwa katika Suratul Infitar, nilimwona amenielewa upesi kuliko nilivyoeleweka katika darasa lolote nililofundisha msikitini.

Basi nini msimamo wangu juu ya Mark of the Ninja? Waliouweka daraja kule Marekani wameuandikia miaka 17 na kuendelea, kwa sababu ya damu na ukatili wake, na mimi nawaunga mkono. Si wa mtoto, na mpwa wangu hakupaswa kuwa nao. Mtu mzima aliyeushika atakuta kazi ya mikono yenye akili, yenye kufundisha subira na kutua, na atakuta mwisho usio na rehema. Simnunulii mtu, wala simwiti mchezaji wake muuaji.

Kwa wazazi nina maneno machache. Tujue jina la mchezo anaocheza mtoto, na umri ulioandikiwa. Kompyuta na simu za watoto zikae sebuleni, na usiku zilale chumbani kwetu. Tukae nao japo nusu saa tutazame, tukiwa wageni waulizaji wala si wapelelezi, maana Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kuchunguzana, na mtoto naye ana sitara. Swala iwe ndiyo inayogawa muda, mchezo usubiri. Na zaidi ya yote, mtoto ajue kwamba akikutana na jambo la kumtisha, hata mahali alipokatazwa kwenda, anaweza kuja kuuliza. Alikuja kijana kwa Mtume (S.A.W.) kumwomba ruhusa ya kuzini. Maswahaba wakamkemea. Mtume akamwambia asogee, akaketi naye, akamwuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akaweka mkono wake juu yake akamwombea. Hakika swali lile lilikuwa zito kuliko la mpwa wangu, na lilipata pa kuulizwa.

Tangazo nimeliandika upya. Sasa linawaita wazazi na vijana kukutana msikitini Jumamosi baada ya Alasiri, kila kijana aje na jina la mchezo anaoucheza, na kila mzazi aje na masikio. Mzee mmoja wa kamati hakuridhika. Ameniambia kwamba tumelegeza kamba, na nyakati hizi hazitaki kulegezwa. Ni mzee ninayemheshimu, amelea watoto tisa, na huenda ameona mambo ambayo mimi sijayaona. Nimemwomba aje Jumamosi akae mbele.

Mpwa wangu sasa anaamka Alfajiri, si kila siku, lakini siku nyingi. Jana dada yangu alinipigia simu akilalamika kwamba mwanawe amekuwa na maswali mengi mno. Nilimwambia amshukuru Mungu.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.